Kutu Iliyomo Ndani ya Kuta Zetu

Msikilizaji, maji yanaporudi baada ya mgao na mfereji ukatoa maji ya rangi ya chai, wengi wetu hapa Mombasa hukimbilia kuilaumu kampuni ya maji. Pengine lawama ni ya haki. Lakini katika nyumba za zamani, mara nyingi kutu imo ndani ya kuta zetu wenyewe.

Nyumba hizo zilitiwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki huliwa na maji mwaka hadi mwaka. Ikiisha, chuma hubaki wazi na kutu huanza kujenga magamba. Siku za mgao bomba hubaki tupu, hewa huingia, magamba yakalegea. Maji yakirudi kwa kishindo huyang'oa na kuyaleta mpaka kwenye sufuria. Chumvi nayo huharakisha uharibifu huo, na sisi watu wa pwani ni wangapi tumeunganisha kisima cha maji ya chumvi na mabomba yale yale?

Kabla hujamwita fundi, kinga maji ya kwanza ya asubuhi katika kikombe cheupe. Yakitoka mekundu kisha yakasafika mfereji ukiachwa wazi kwa dakika chache, ugonjwa uko katika mabomba yako. Yasiposafika, na jirani naye analalamika, tazameni bomba la mtaa. Yakichafuka ya moto peke yake, ni hita. Tangi la juu nalo lioshwe, maana tope hutuama chini yake.

Kutu yenyewe huharibu kanzu nyeupe kuliko inavyodhuru mwili. Ninachokiogopa ni madini ya risasi ya mabomba ya zamani, ambayo majini hayana rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuyaondoi. Mji wa Flint, Marekani, ulibadilisha chanzo chake cha maji mwaka 2014 bila kutia dawa ya kukinga mabomba yasiliwe. Maji yalitoka ya rangi ya kutu, na risasi ya mabomba ya zamani ikaingia katika maji waliyokunywa watoto. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa hiyo nasema na wenye nyumba za kupangisha. Kupaka ukuta rangi mpya huku bomba linaoza ndani yake ni kumdhulumu mpangaji. Msizibe kipande kimoja kila mwaka. Ng'oeni mabomba ya chuma yote, mtie ya plastiki yaliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa.