Uso wa Susu

Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi habari ya picha moja tuliyoipiga vibaya.

Kwetu ni Konza, pale reli ya zamani ya Magadi inapoachana na ile ya Mombasa. Jumapili moja baada ya ibada tulimpiga picha Susu wetu, maana ndivyo sisi Wakamba tumwitavyo bibi. Alisimama nje ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Alipofariki, jamaa walitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza, nasi hatukuwa na nyingine. Mawingu yalitoka vizuri, mtu angeweza kuyahesabu. Kitambaa kiling'aa. Uso wa Susu ulikuwa kivuli kitupu. Kitukuu chake kimoja kikauliza, "Huyu ni nani?" Hatukukijibu.

Kwanza tuliilaumu kamera. Ni Canonet G-III QL17, aina iliyotoka mwaka 1972, ambayo hukutanisha picha mbili ndogo dirishani ili kupata umbali. Juu ya kioo cha lenzi ina jicho dogo, nalo ndilo kipimamwanga. Ukigeuza pete hadi herufi A, wewe wachagua kasi, nayo kamera yachagua tundu la lenzi. Sindano dirishani yakuonyesha namba, tangu 1.7 hata 16. Lakini, ndugu msikilizaji, jicho lile halimjui Susu. Lajumlisha mwanga wote ulio mbele yake, na kudhani kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha kadiri. Na uwanda wa Konza mwaujua ulivyo: hakuna mlima wa karibu wa kuziba mbingu, nusu ya picha ni anga, na mabati yanametameta. Jicho liliona mwanga mwingi, likabana tundu. Sisi ndio tulioielekeza kamera huko.

Ilitupasa kumsogelea Susu mpaka uso wake ujae dirishani, kubonyeza kitufe nusu tu, kukishikilia hapo, kurudi nyuma tulipotaka kusimama, ndipo tumalizie kubonyeza. Kipimo hubaki kilekile maadamu kidole hakijaachia. Kama ni aibu kumsogelea mzee hivyo, inamisha kamera upime udongo mwekundu alipokanyaga, mradi jua liwapigalo yeye na udongo ni moja. Nyasi kavu za mwezi wa Agosti si nzuri kwa kazi hii, ni nyeupe mno. Tena msiogope kuzidisha mwanga kidogo. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Uso usiofika kwenye filamu hakuna fundi awezaye kuutoa. Na ukiiacha ile A ili uweke tundu kwa mkono, sindano hulala, basi ishike namba kichwani kwanza.

Liko na jambo la betri. Kamera hii ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo Marekani iliipiga marufuku mwaka 1996. Watu wengi siku hizi hutia ya alkali ya volti 1.5, nayo sindano hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na nyuso huzidi giza. Sisi twatia kibetri cha vifaa vya wasiosikia vizuri, cha volti 1.4 hivi, tukikizungushia kipete cha mpira kisicheze. Huisha upesi, hata kamera ikikaa kabatini.

Baada ya mazishi tulimwendea mdogo wake Susu, naye ni mzee sana. Alikuwa ameketi mlangoni, jua limempiga ubavuni. Tukamsogelea na kamera karibu mno, akatukemea: "Nyinyi wanangu, mwataka kunipiga picha au kunibusu?" Tukabonyeza nusu, tukarudi hatua 4, tukamalizia.

Filamu tuliipeleka Nairobi kusafishwa. Siku tuliyomletea picha aliishika karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Mikunjo yote ilikuwapo, na lile pengo la meno. Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita yule kitukuu aliyeuliza swali msibani, akamwonyesha uso ule kwa kidole. "Njoo uone," akasema. "Susu yako alifanana hivi."