Vitabu vya Tawi Visomwe Kitengela

Jioni hii nitazungumzia pesa zinazokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi kabla hajaugusa, zikapelekwa kwa chama chake.

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 154,436 Kitengela. Wengi wamepanga nyumba hapa na kufanya kazi kwingine. Kuna wanaoshona nguo katika viwanda vya EPZ, eneo la bidhaa za kuuza nje, ng'ambo ya mpaka wa Machakos, na wanaochuma maua Isinya. Kuna walimu na kuna wafanyakazi wa kaunti. Katika ploti moja unaweza kuwapata wote wanne, kila mmoja na chama chake, kila mmoja akikatwa. Waulize tawi lao lilipokea kiasi gani mwaka jana na lilikitumiaje. Sidhani wengi watakujibu, na kosa si lao.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imeliweka jambo hili wazi. Mfanyakazi akishatia sahihi fomu, na mwajiri akaipokea, makato yaanze ndani ya siku 30. Pesa huingia katika akaunti ya chama. Sheria hiyo hiyo inakitaka chama kitunze vitabu vya hesabu, kiwasilishe kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi kila mwaka hesabu zilizokaguliwa, na kimruhusu mwanachama kuvikagua vitabu hivyo. Basi haki ipo. Lakini mchuma maua anayetoka shambani jioni, kwa kibarua cha msimu, ataifuata haki hiyo wapi? Makao makuu ya chama yako mbali. Nauli ni yake, na siku ya kazi atakayoikosa ni yake pia.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Makhan Singh alipokuwa katibu wa chama cha wafanyakazi Nairobi mwaka 1935, hakukuwa na mwajiri wa kumkatia mtu ada. Chama kililazimika kumwendea mwanachama na kumwomba. Anayeombwa huuliza, na anayeomba hulazimika kujibu. Karatasi za Makhan Singh zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na namhimiza kila mwanafunzi wa historia ya kazi azifungue. Sitaki turudi kwenye utaratibu ule. Vyama vilivyoutegemea viliishi kwa kubangaiza, na makato ndiyo yaliyovipa uti wa mgongo. Ila makato yalipokuja, lile swali la ana kwa ana lilipotea, na hatujaweka kitu mahali pake.

Walimu wanajua gharama ya pengo hilo. Mwaka 2019 chama chao, KNUT, kilivutana na Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ambayo ndiyo mwajiri na ndiyo mkataji wa ada. Walimu walihama chama kwa maelfu na mapato yakaporomoka. Matawi yakahangaika kulipa hata mishahara ya makarani wao. Katibu Mkuu Wilson Sossion aliondoka Juni 2021, nafasi yake ikachukuliwa na Collins Oyuu. Sababu za mgogoro ule zilikuwa nyingi na sitazipitia hapa. Ninalolisisitiza ni kwamba chama ambacho pesa zake zote hupitia mkono wa mwajiri kina kinga moja tu siku mwajiri akiufunga mkono huo: wanachama walio tayari kuchanga wenyewe. Mtu hachangi kwa hiari mahali asipojua pesa zake za jana zilikwenda wapi.

Kuna hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, tena kutoka kwa viongozi waaminifu ninaowaheshimu: hesabu zikitolewa hadharani, mwajiri ataujua udhaifu wetu. Naipinga. Mwajiri ndiye anayekata! Anajua kila mwezi, kwa shilingi, ametuma kiasi gani na kwa ajili ya watu wangapi. Katika mpangilio tulio nao, anayefichwa ni mwanachama peke yake.

Halafu kuna ada ya uwakala. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinaruhusu asiye mwanachama akatwe pia, iwapo mkataba wa pamoja uliojadiliwa na chama unamnufaisha. Mimi naiunga mkono ada hiyo, kwa sababu nyongeza ya mshahara haimchagui mwanachama. Lakini mtu huyo hapigi kura tawini. Hamchagui mweka hazina wala hawezi kumng'oa. Chama kinapokula pesa za mtu asiye na kura, kwa nguvu ya amri ya Waziri, hesabu zake zimekwishakuwa jambo la umma, na kuwafungulia wanachama pekee hakutoshi.

Marekani ilifika huko mwaka 1959, ilipotunga sheria inayovitaka vyama kuwasilisha taarifa za fedha ambazo raia yeyote anaweza kuzisoma, pamoja na malipo ya viongozi. Uingereza nayo huweka wazi taarifa za kila mwaka za vyama vyake. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwalimu wa Kajiado akiwa mwanachama wa Sacco, chama cha akiba na mikopo, hupewa hesabu zilizokaguliwa kwenye mkutano mkuu, na huuliza maswali mpaka mwenyekiti atoe jasho. Ni mwalimu yule yule, na mshahara ni ule ule.

Ninachopendekeza kinahitaji karatasi moja na mkutano mmoja. Kila tawi linalowahudumia wakazi wa mji huu litoe ukurasa wa hesabu kila robo mwaka. Mstari wa kwanza uonyeshe kiasi kilichokatwa kwa wafanyakazi wa eneo hili. Wa pili, kiasi kilichorudi tawini kutoka makao makuu. Pengo kati ya mistari hiyo miwili lielezwe. Zifuate posho za viongozi, kwa cheo, kisha gharama za mawakili na kesi zilizofunguliwa kwa ajili ya nani. Ukurasa ubandikwe kwenye lango la kila shamba na kiwanda, na mweka hazina ausome mwenyewe hapa Kitengela, Jumapili alasiri, wakati wachuma maua na mafundi wa EPZ wanaweza kufika, na walipa ada ya uwakala wakaribishwe kuuliza.