Trekta Kuukuu na Betri Isiyojaa

(Mazungumzo yaliyotolewa na katibu wa chama cha msingi mbele ya makatibu na wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya utunzaji wa matrekta. Jambo hilo ni pana, nami si fundi. Ni katibu kama wengi wenu mliopo hapa. Kwa hiyo nitazungumzia jambo moja tu, ambalo chama chetu kilijifunza kwa gharama: trekta kuukuu ambalo alteneta yake haichaji.

Mwaka 2009 trekta letu la Massey Ferguson 165 lilianza kugoma kuwaka asubuhi. Tukanunua betri mpya. Haukupita muda mrefu nayo ikafa. Tukanunua ya pili, na hati ya malipo niliitia sahihi mimi mwenyewe. Ya pili nayo ilipokufa, kamati haikuuliza tena habari za umeme, iliuliza habari za dereva. Ilidaiwa kwamba usiku huikodisha betri kwa wenye redio na taa. Tukamsimamisha kazi katikati ya msimu wa kulima. Mama mmoja mwanachama alikuwa amekwisha kulipia ekari tatu. Zamu yake ilipowadia trekta lilikuwa limelala chini ya mwembe. Alilima ekari moja kwa jembe la mkono, na mvua za kupandia zikampita.

Baada ya miezi miwili tulimwita kijana mmoja, fundi umeme wa magari. Alizungusha ufunguo nusu, akatazama dashibodi, akasema, "Mbona taa ya chaji haiwaki?" Balbu ilikuwa imeungua. Bei yake haikufikia bei ya soda mbili.

Yafaa ieleweke kwa nini balbu ndogo yaweza kulaza trekta zima. Dainamo za zamani zilibakiwa na usumaku kidogo katika vyuma vyake, na kwa huo ziliweza kujianzisha zenyewe. Alteneta kwa kawaida haina usumaku wa kutosha. Ndani yake mna koili inayozunguka, na koili hiyo haina budi ipewe kwanza umeme kidogo kutoka kwenye betri ndipo igeuke kuwa sumaku na kuanza kuzalisha. Katika alteneta nyingi za matrekta ya miaka ile, umeme huo wa kuanzia hupitia katika taa ya chaji. Ukifungua swichi, umeme hutoka kwenye betri, hupita ndani ya balbu, huingia katika alteneta, na taa huwaka. Injini ikishika mwendo, alteneta huanza kuzalisha, nguvu ya pande mbili za balbu hulingana, na taa huzimika. Basi balbu ile ndiyo njia yenyewe ya umeme wa kuanzia. Ikiungua, njia imekatika. Alteneta za Lucas za aina ya ACR hutumia balbu ya volti 12 na wati 2.2. Siku hizi wapo wanaoweka taa za LED mahali pake kwa kuwa haziungui upesi. Hizo hupitisha umeme mchache mno, na alteneta yaweza kubaki imelala, au ikaamka tu pale injini inapokimbizwa sana.

Kilichotudanganya sisi ni injini yenyewe. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila cheche za plagi, kwa hiyo trekta letu likishawaka liliweza kulima kutwa nzima bila chaji yoyote. Dereva wetu alikuwa hodari: kila jioni aliliegesha mteremkoni ili asubuhi aliwashe kwa kuliachia literemke. Uhodari huo ndio ulioficha ugonjwa. Nazo betri, zikiachwa tupu siku nyingi, bamba zake hushikwa na ukoko mgumu na hazipokei tena chaji. Tulizinunua zikiwa nzima, tukaziua wenyewe.

Sasa, upimaji. Injini ikiwa imezimwa, fungua swichi: taa ya chaji sharti iwake. Isipowaka, chomoa waya mwembamba wa taa nyuma ya alteneta (katika nyaya za Lucas ni wa kahawia wenye mstari wa njano) uugusishe kwenye chuma kisafi cha injini. Taa ikiwaka, balbu na waya ni vizima, na ubovu umo ndani ya alteneta, mara nyingi brashi zilizolika. Isipowaka, tafuta balbu au waya uliokatika. Jihadharini sana msiuguse kwenye chuma ule waya mnene wa kahawia mtupu, maana umeunganishwa na betri moja kwa moja na waweza kuwasha moto.

Kisha ipimwe betri kwa mita. Iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6. Injini ikienda kwa mwendo wa kati, mita isome baina ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, hakuna chaji. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na maji ya betri yatachemka. Na ikiwa kwenye alteneta mnapata 14 lakini kwenye betri 13, umeme unapotea njiani: nati iliyolegea, kutu, au waya uliooza. Msisahau kwamba alteneta nyingi hurudisha umeme kupitia vyuma vilivyoishikilia. Nimepata kuona trekta lililopakwa rangi maridadi kwa ajili ya sherehe likaacha kuchaji siku iliyofuata, kwa sababu rangi iliingia chini ya boliti. Msasa wa dakika tano uliliponya.

Mkanda wa feni nao usibonyee kwa kidole gumba zaidi ya sentimita mbili hivi.

Wapo madereva wanaochomoa betri injini ikiwa inanguruma ili waone kama alteneta inafanya kazi. Desturi hiyo ni ya zama za dainamo, na huunguza dayodi za alteneta. Kabla ya kuchomelea chuma chochote kwenye trekta, fungueni nyaya za betri na za alteneta. Na wenye Ferguson TE20 wakumbuke kwamba upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chasi; atakayeliwekea alteneta ya kawaida bila kugeuza betri ataiunguza siku hiyo hiyo.

Ofisini kwetu, hati ya kununua betri haitiwi sahihi mpaka daftari la trekta liwe na tarakimu mbili: volti kabla ya kuwasha, na volti injini ikinguruma. Yule dereva tulimwandikia barua ya kumwomba radhi na kumlipa mshahara wa miezi miwili. Alirudi kazini, lakini kwa miaka yote aliyobaki nasi hakukabidhi funguo jioni bila kuwapo shahidi.

Trekta lenyewe tumelileta, liko hapo nje. Baada ya chai tutaichomoa balbu yake mbele yenu, na kila katibu ataishika mita kwa mkono wake.