MKUTANO WETU WA HADHARA, USALAMA NA SHERIA

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Haya ni maneno ya uongozi wa tawi kwenye kikao cha Jumapili. Tunayatuma kwa ajili ya waliokuwa shambani, kazini au safarini. Tafadhali yasomeni mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote kwenye grupu.

Ndugu wajumbe, wazee wetu, kina mama na vijana,

Tumewaita kwa sababu ya mkutano wa hadhara. Mnajua barua yetu ya taarifa ilifika polisi siku nne kabla. Mnajua na jibu: tulipigiwa simu kwamba uwanja uko karibu mno na zahanati, halafu simu ya pili ikasema mkutano wote usifanyike kwa "sababu za kiintelijensia". Tangu hapo tumegawanyika. Vijana wanasema tuingie uwanjani hivyo hivyo. Baadhi ya wazee wanasema tuachane na mikutano kabisa. Uongozi haukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Tuanze na zahanati. Hapo wamesema kweli. Njia ya kuingilia ni moja, Jumamosi ni siku ya gulio, na watu wakijaa pale bajaji iliyombeba mama mjamzito haipiti. Ibara ya 20 ya Katiba inatupa uhuru wa kukusanyika, lakini Ibara ya 30 inasema haki ya mmoja isitumike kuvuruga haki za wengine wala maslahi ya umma. Na hatari ya umati si hadithi. Machi 2021 watu 45 walikufa kwa kukanyagana Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Wale walikwenda msibani tu, hakuna aliyekuwa na fujo. Arusha, Juni 2013, bomu lilirushwa kwenye mkutano wa kampeni viwanja vya Soweto na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo polisi akituuliza uwanja una njia ngapi za kutokea, tumjibu, tusimnunie.

Sasa hilo la pili.

Kwanza tuache kusema "tunaomba kibali". Kibali kilikuwa mambo ya zamani, mtu alipotakiwa kumwendea Mkuu wa Wilaya ili aruhusiwe kuhutubia. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba sharti la kibali linakwenda kinyume na Katiba. Kutoa taarifa kunatosha. Sheria ikabadilishwa. Leo chama kinapeleka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, saa 48 kabla, kikitaja mahali, muda na madhumuni. Na Sheria ya Vyama vya Siasa inatupa zaidi ya hapo: inasema tuna haki ya kupewa ulinzi na msaada wa vyombo vya usalama ili mkutano uende kwa amani. Someni tena hapo. Askari anayekuja uwanjani, kazi yake ya kwanza ni kuulinda mkutano.

Polisi wanaweza kuuzuia? Ndiyo, lakini kwa sababu zilizotajwa na sheria: lengo la mkutano ni la uhalifu, au unaelekea kuvunja amani au kuhatarisha usalama wa umma, au chama kingine kimeshatoa taarifa ya mahali na saa hiyo hiyo. "Kiintelijensia" haimo. Intelijensia ni njia ya kupata habari, si aina ya hatari. Hatuwaambii watutajie waliowapa habari. Tunauliza wanaogopa nini: vurugu, silaha, au uwanja mdogo? Maana kila hofu ina dawa yake. Vurugu huongezewa askari. Uwanja mdogo huhamwa.

Kipimo hiki hatukukitunga sisi. Mahakama ya Rufani ilikiweka mwaka 1993 katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, wakati mtu aliyetaka kuishtaki Serikali alipolazimika kwanza kupata ridhaa ya Serikali hiyo hiyo. Mahakama ilisema sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo lake. Pimeni kwa hilo zuio la 2016, lililofunga mikutano ya vyama nchi nzima, isipokuwa mbunge jimboni kwake, hadi Rais Samia alipoliondoa Januari 2023. Miaka sita na nusu, viwanja vyote, bila kuangalia kipi kiko jirani na zahanati na kipi kiko porini! Kumwambia mtu asogee mita 300 ni jambo jingine kabisa.

Vijana wetu, tunajua mmechoka. Lakini tukiingia kwa nguvu, kesho yake hakuna atakayeuliza sababu zilikuwa zipi. Watauliza nani alirusha jiwe, na atakayelala mahabusu ni mtoto wa mwenzetu.

Basi kamati imeamua hivi. Jumamosi hii hatukutani. Barua mpya ya taarifa inakwenda kesho asubuhi, kwa Jumamosi inayofuata, uwanja wa juu nyuma ya mashine ya kusaga, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Katibu atabaki na nakala iliyogongwa mhuri. Ndani yake tumeeleza njia mbili za kutokea na tumeomba askari. Ikija amri ya kuzuia, tutaomba iandikwe pamoja na sababu yake, na tutakata rufaa kwa Waziri kama sheria inavyoruhusu. Simu hatutaikatia rufaa, kwa hiyo maandishi ni lazima.

Tunahitaji watu 20 wa kusimamia njia na maegesho ya bodaboda, wakiwemo kina mama wasiopungua wanane. Majina yafike kwa katibu kabla ya Alhamisi jioni.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*