Biashara ya Simu na Hekima ya Wayunani

Leo tuzungumzie uaminifu katika biashara ya mitandaoni.

Mvuvi wa delta ya Rufiji mwenye kaa au kambamiti hana tena haja ya kumngojea mchuuzi aje na bei yake mfukoni. Hupiga picha, akaituma kwenye WhatsApp au Instagram, na mteja wa Kariakoo akaiona papo hapo. Tatizo ni kwamba tapeli naye ana simu, tena picha zake hupendeza zaidi. Mteja aliyekwisha kulizwa mara moja huwaona wauzaji wote kuwa wezi, na mvuvi mkweli hubaki na mzigo unaoharibika.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: tabia yake, hisia za wasikilizaji, na hoja zenyewe. Tabia aliiona kuwa karibu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Tena alitaka imani hiyo ijengwe na maneno yenyewe, isitegemee sifa za zamani. Naona hapo ndipo anapomfaa muuzaji asiyejulikana. Mtu huaminiwa, alisema, kwa busara, uadilifu na nia njema.

Tuyapeleke hayo Nyamisati, wilayani Kibiti. Busara ni kuijua mali yako: taja kilo, siku ya kuvuliwa, na kama barafu ipo. Uadilifu ni kupiga picha mzigo wa leo, na kusema wazi kuwa kaa fulani amevunjika gando. Nia njema ni kumwambia mteja asubiri msimu ufunguliwe, hata kama fedha yake unaitamani.

Mambo haya si mageni pwani yetu. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo chautaja mji wa Rhapta, ambao baadhi ya wataalamu huuweka pande za Rufiji. Profesa Felix Chami alipata shanga za Kirumi huko Kibiti. Kitabu hicho chaeleza kuwa sehemu nyingine za pwani hii wageni walileta divai na ngano, si kwa kuuza, bali kupata urafiki wa wenyeji.

Basi, anayedanganya mteja mmoja leo, kesho jirani yake ndiye atakayekosa soko.