Foleni za Mombasa

Mombasa ni mji wa kale uliokulia kisiwani, na hicho ndicho kiini cha msongamano wake. Magari huingia na kutoka kwa njia chache mno: Makupa upande wa bara, daraja la Nyali kaskazini, na kivuko cha Likoni kusini. Daraja la sasa la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931. Makazi ya Kisauni na Bamburi, ng'ambo ya daraja hilo, yamepanuka sana, ilhali kazi nyingi zimebaki kisiwani. Asubuhi foleni huelekea mjini, jioni hugeuka. Vichochoro vya Mji wa Kale, vilivyojengwa kabla ya magari, huzibwa na gari moja tu lililoegeshwa vibaya.

Likoni ndiko kwenye adha kubwa zaidi. Meli za bandari ya Kilindini hupita hapo, hivyo, badala ya daraja, watu huvushwa kwa feri, na feri moja ikiharibika maelfu hukwama, wagonjwa na wanafunzi wakiwemo. Barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia ya kukizunguka kivuko, kutoka Miritini upande wa bara hadi kusini. Waendao kwa miguu, ambao huvuka bila nauli na ndio wengi, bado wanaitegemea feri.