Mtoto Aliyezaliwa Mdogo



Mkulima wa Nyamira apelekapo majani ya chai kituoni huikazia macho mizani, asije akapunjwa hata robo kilo. Lakini mtoto aliyezaliwa nyumbani aweza kumaliza juma zima asiwekwe juu ya mizani yo yote. Naye ndiye aliyestahili kupimwa kwanza. Maana akiwa chini ya kilo mbili na nusu, hatari imekwisha kumkaribia.

Hesabu ya Serikali ya Kenya ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 32 walifariki kabla ya kutimiza mwaka, na 21 kati ya hao hawakumaliza hata mwezi mmoja. Duniani kote, zaidi ya nusu ya vifo vya mwezi wa kwanza hutokana na kuzaliwa kabla ya siku, au kuzaliwa mdogo kuliko ipasavyo.

Hayo ni mambo mawili, wala si moja. Zamani hata madaktari waliyachanganya, mpaka Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 1961 yatenganishwe. Mtoto mmoja huzaliwa kabla ya majuma 37 kutimia. Aliyewahi mno mapafu yake hayajakomaa, wala hajaweza kunyonya na kumeza sawasawa. Mwingine ametimiza miezi yake, ila alipata chakula haba tumboni, pengine kwa sababu mama aliugua malaria au shinikizo la damu. Aliyepatwa na yote mawili ndiye aliye hatarini kuliko wote. Mahali pengi husemwa kwamba mtoto wa miezi saba ana nguvu kuliko wa minane. Si kweli hata kidogo.

Adui mkubwa ni baridi, na wakazi wa vilima vya Nyamira hawahitaji kuelezwa baridi ya usiku. Mtoto huyu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto humtoka upesi, kisha hushindwa kunyonya. Kumwogesha mara azaliwapo ni kumzidishia taabu. Blanketi nalo huhifadhi joto tu, haliliumbi.

Mwaka 1978 Daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, nchini Colombia, kwa uhaba wa mashine za kuwatia watoto joto, aliwaagiza akina mama wawafunge vifuani, ngozi kwa ngozi. Wengi waliona ni dawa ya maskini. Lakini uchunguzi wa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo sana waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko vya wale waliongojeshwa hadi wapate nafuu. Baba aweza kumbeba pia, na bibi vile vile. Na njiani kwenda hospitali abebwe hivyo hivyo. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa ya mamaye, akanyweshwa kwa kikombe.

Mama mja mzito naye alale ndani ya chandarua, apimwe damu na kaswende kliniki mapema. Akishikwa na uchungu, au chupa ikipasuka kabla ya wakati, apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje kupambazuke. Iko sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ambayo uchunguzi wa nchi tano, Kenya ikiwamo, ulithibitisha mwaka 2020 kwamba huokoa maisha; ila sharti mama achomwe mtoto angali tumboni.